Risasi za Baba Limi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Cornel kaja leo kutoka mgodini Rwamgasa na gunia begani. Nikadhani mdogo wangu katuletea mchele. Mchele gani! Chuma kizito chenye mkono wa kuvuta chini, kama mashine ya kukamulia juisi. Kopo la baruti. Mfuko wa goroli ndogo za kujazia risasi. Na maganda ya risasi matupu, tele, yananuka moshi. Fundi mmoja mzungu kule mgodini alikuwa anarudi kwao, akamwachia. Eti ganda lililokwisha kupigwa unalijaza, linakuwa risasi tena. Nyumbani kwako. Mezani kwako!

Nikauliza, polisi wanajua? Cornel akacheka. Shemeji si ana leseni ya shotigani? Ya bunduki, ndiyo — ya kiwanda je? Baba Limi akasema Jumatatu atakwenda kuuliza. Namjua mume wangu Masalu. Jumatatu yake haina tarehe.

Lakini kafurahi. Sijamwona hivi tangu astaafu. Fisi wamemla ndama wa jirani yetu Ndaki, na kijijini mwenye bunduki ni yeye tu. Wote wanamtazama yeye. Na dukani Shinyanga risasi hakuna tangu Krismasi.

Jumatatu, 3 Machi

Kwa polisi hakwenda. Nilisema.

Meza ya kulia si yetu tena. Madaftari ya darasa la nne nimesahihisha kitandani, mgongo unaniuma. Goroli sakafuni, goroli kwenye kapeti, goroli kwenye sufuria ya dagaa! Nimeteleza nusura nivunje kiuno. Bwana mkubwa anasema kazi yoyote mwanzoni ina ajali zake.

Ganda la kwanza, mdomo haukujifunga — kaligeuza, goroli zote chwaa. La pili hivyo hivyo. La tatu, kile kifataki cha kwenye kitako, cha kuwasha baruti, kakiweka kichwa chini miguu juu. Nikamwonyesha. Akakipapasa kwa kidole. Akasema mashine mbovu, wazungu hawaachi kitu kizima.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, nikiwa nimejiahidi Kwaresma hii sitagomba. Ahadi haikufika hata sebuleni.

Baba Limi alikuwa anamimina baruti. Haikuwa ndani ya ganda. Ilikuwa pembeni, juu ya kitambaa cha meza alichonitumia mwanetu Limi kutoka Nyasubi. Anamimina tu, taratibu, kwa heshima zote. Na jiko la mkaa liko hapo hapo linachemsha maharage! Nikalibeba lile jiko nikatoka nalo nje mbio kama mwizi. Cornel alikuwa wapi? Amelala!

Nikarudi nimewaka. Baba Limi akauliza naogopa nini.

Nilikuwa namtazama. Alikuwa ameinamisha sikio karibu na ganda. Alikuwa anaisikilizia baruti ikianguka.

Alhamisi, 6 Machi

Basi kazi nafanya mimi. Ningefanyaje? Nikikataa atafanya peke yake.

Jiko linakaa nje. Nasoma kile kitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine, napima kwenye kimizani, nashindilia, navuta mkono wa mashine. Yeye kakaa kitini anaamuru. Ongeza kidogo, Mama Limi. Siongezi — kitabu kimesema mwisho hapa. Akaniuliza kama hicho kitabu kimewahi kukutana na fisi. Ee Mungu, nipe subira!

Nikiri humu tu: zimetoka nzuri. Mdomo wa ganda unajikunja kuelekea katikati kama kitovu cha mtoto mnene. Cornel kanisifu. Nikamfukuza mezani.

Jumapili, 9 Machi

Tumejaribu. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu, tukaegemeza karai bovu. Karibu kabisa, hata kwa jiwe ningelipiga. Baba Limi akalenga kwa mbwembwe zake zote. Mlio! Kuku wa Ndaki wametawanyika mpaka barabarani. Vumbi likatimka — mbali, upande wa ua wa minyaa. Karai safi.

Ya pili. Karai safi.

Akageuka kwangu. "Risasi zako hazina nguvu, Mama Limi."

Zangu! Jana zilikuwa zake.

Cornel akatazama viatu vyake. Baba Limi anataka niongeze baruti. Nimekataa mbele ya watu.

Jumatatu, 10 Machi

Baba Limi alikwenda kwenye mkutano wa ushirika wa pamba. Nikachukua ufunguo wa kabati la bunduki. Leseni si yangu, najua, najua. Nikamwambia Cornel anisimamie. Tangu nizaliwe sijawahi kufyatua hata manati.

Nilifunga macho, nikayafungua, nikavuta.

Bega limekuwa la bluu. Karai limekuwa chujio.

Cornel akasema, "Dada, risasi ni nzima."

"Naona."

"Basi mweleze."

"Mweleze wewe! Nani aliyeleta gunia?"

Jioni kapanda basi. Eti wamemwita kazini Rwamgasa. Mwoga! Kanibusu shavu, kaniachia mashine, baruti na mume.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza. Nilianza vizuri, kwa upole, kwamba mjini kuna daktari wa macho na twende pamoja. Akasema macho yake hayana neno, ananiona.

"Nimevaa rangi gani?"

Akafikiri. "Ile unayovaa siku zote."

Nikacheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Naye akacheka, akidhani yamekwisha. Kisha akaniuliza, taratibu sana, karai liko wapi. Nikamwambia nimelitupa. Akasema amelipapasa asubuhi, pale pale kwenye kichuguu, lina matundu.

Jumatano, 12 Machi

Sijui hata kwa nini naandika.

Nimetoka shule sasa hivi. Hata chai sijanywa, Ndaki akaingia anahema. Fisi mchana kweupe! Ameingia kwenye mtama kando ya korongo. Wamemzingira, wanaume kwa fimbo, na watoto wamejiunga, wanafunzi wangu wenyewe na sare zao. "Shikamoo Mwalimu, Baba Limi yuko wapi?" akauliza Ndaki. Hata marahaba sijaitikia, Baba Limi kasimama nyuma yangu na bunduki. Kavaa buti. Kanyoosha mkono anataka risasi.

Risasi ziko kwenye mkoba wangu wa shule, pamoja na chaki. Nilizihamisha jana. Nzima zote, nimezijaza mwenyewe. Zitakwenda zinakoelekezwa. Mtama umewazidi wale watoto urefu.

Nikasema waende wenye mikuki. Ndaki akanitazama kama nimerukwa na akili — mikuki, na bunduki ipo? Nikasema natafuta ufunguo. Nikaingia chumbani, nikafunga.

Ndaki anapiga kelele uani: "Mwalimu, unatuchelewesha!" Nitawaambia nini? Nikisema la kweli, leo hii kijiji kizima kitajua. Nikinyamaza...

Baba Limi kagonga. Kidogo tu, kwa kucha.

"Mama Limi. Njoo na huo mkoba. Utanionyesha."

"Nikuonyeshe nini? Fisi?"

Kule korongoni watoto wanapiga vigelegele.

"Watu," akasema. "Unionyeshe watu walipo."

Nimefungua mlango nusu. Naandika nimesimama. Yuko hapo, kainama, Ndaki asisikie. Bunduki kaishika kwa mikono miwili, na kitako kakielekeza kwangu, niipokee.