Panadol Mbili za Safari ya Koboko

Mpendwa Shangazi Harriet,

Naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mvara, mjini Arua, na tangu siku za korona sijapanda teksi wala boda, naenda kazini kwa baisikeli, sokoni kwa baisikeli, na mara mbili kwa mwaka naendesha hadi Koboko kumsalimia mama, karibu saa nne barabarani, na wengine wanasema naogopa magonjwa, wengine wananisifu kwa mazoezi, nami nawaacha waseme.

Ukweli ni huu. Teksi ziliporuhusiwa tena kubeba nusu ya abiria, baba aliniita nyumbani Koboko, na asubuhi ya safari nilikuwa na homa, na nilijua kwamba kwenye kizuizi cha barabarani wanapima joto la kila abiria, basi nikameza Panadol mbili, nikapita, nikakaa na wenzangu madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na jioni nikala na baba sinia moja, kwa kuwa mimi kitindamimba alinizoesha hivyo tangu utotoni. Siku ya kumi na moja tulimzika. Hakupimwa, wala mimi sikupimwa. Sijamwambia mtu.

Sasa mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anatakiwa kuletwa Arua kwa upasuaji, na wa kumleta ni mimi, maana kaka yangu Lemi anaendesha lori huko Juba. Tarehe mbili zimepita nikisingizia mitihani. Juzi mama alinipigia simu: "Kaltumu, unataka nikae kwa karia ya baisikeli kama gunia ya muhogo? Wakati ya korona boda ilibeba gunia, mutu ilikataa. Mimi iko mutu. Kuja tupande teksi." Nilicheka, kisha nikakata simu. Tarehe ya tatu ni Alhamisi ijayo, na daktari anasema jicho la kushoto likicheleweshwa tena linaweza kupotea. Kila nikifika stendi nageuza baisikeli narudi. Nifanye nini?

Kaltumu, Mvara

Kaltumu binti yangu,

Nimesoma mpaka mwisho. Pole kwa msiba, na pole kwa kukaa na neno hili peke yako miaka yote hiyo. Lakini Panadol zile zilikuwa udanganyifu, nawe msomi ulijua. Uliwahatarisha watu ambao hata majina yao huyajui, na kwa hilo sitakusafisha. Ila kwamba ulimuua baba yako, hilo hulijui wewe wala mimi. Huenda mzee alikwenda pia sokoni, msikitini, matangani. Yeye hakupimwa, nawe hukupimwa. Acha kujifanya hakimu mwenye ushahidi.

Baisikeli ni kitu kizuri, endelea nayo. Shida ni kwamba umejihukumu mwenyewe, kisha kifungo ukamwachia mama yako akitumikie. Wewe unatoka jasho, yeye anapofuka.

Jumatano uwe Koboko. Mwambie yote nyumbani, mkiwa wawili, si ndani ya teksi mbele ya masikio ya abiria. Usianze kwa kulia ili akubembeleze. Alhamisi mpande teksi ya asubuhi, ukae dirishani, uvae barakoa kama itakutuliza. Na ukiamka na homa, safari hii useme una homa.

Huenda akakasirika, na ana haki. Akikataa kusafiri nawe, mtafutie jirani wa kumleta asubuhi hiyohiyo. Jicho lake haliwezi kungoja mpaka mpatane.