Mafaili Mawili na Mkwe Mmoja

Mdogo wangu, mwanao niliyekuzalia mimi anaolewa, na anayemwoa ni yule yule Mpole niliyekwambia kwenye simu kwamba ni nyoka. Kaa chini kwanza, unywe maji, ndipo tusalimiane.

Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji unaendeleaje, na wale mapacha wameacha kupigana? Huku sote wazima, ila goti langu, nalo nimelizoea kama jirani mkorofi.

Unajua mwanao ndiye anayetunza tovuti ya ile kampuni ya kuchapa picha. Katika ukoo wetu nani mwingine anaijua hiyo lugha ya kompyuta, PHP? Mimi shule niliishia njiani, lakini tumbo langu limezaa fundi. Basi kuna wiki wateja walikuwa wakituma picha, tovuti inazikataa, inadai ni kubwa mno. Bosi akasema Ijumaa ikifika hali ikiwa hiyo hiyo, kazi atampa mtu mwingine.

Mwanao akanieleza kwamba PHP ina faili lake la mipangilio, php.ini, na humo ndimo inamoambiwa mwisho wa ukubwa wa picha. Yeye aliongeza kiwango, akawasha mitambo upya, picha zikagoma. Akifungua faili, namba yake anaikuta pale pale. Nikamwambia amri ikiandikwa isitiiwe, ujue kuna mtu nyuma ananong'ona nyingine. Na mwingine mwenye nywila ni nani? Mpole wa meza ya jirani. Hacheki kwa sauti, anaamkia kwa adabu iliyopitiliza, na kila nikipeleka chakula cha mchana namwona anafunga haraka kitu kwenye kompyuta. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamkanya mwanangu asimwache alisogelee lile faili.

Alhamisi nikaenda na sufuria yangu, nikakaa nyuma ya Mpole, nikamkodolea macho. Mwanao kashika tama. Mpole akamuuliza taratibu kama amewahi kuiuliza tovuti yenyewe inasoma faili lipi. Akaandika mstari mmoja tu, ukafunguka ukurasa mrefu kama msafara wa siafu, na karibu na juu pameandikwa mahali faili lilipo. Siyo pale alipokuwa akihangaika mwanao. Kumbe mafaili ya jina hilo ni mawili: moja la amri anazoandika fundi mwenyewe kwenye kompyuta, moja la tovuti. Wiki nzima mtoto analiamrisha lile ambalo tovuti hailisomi.

Nikamuuliza Mpole, kwa ukali, mbona hakusema mapema. Akajibu kwamba alikatazwa kusogea, kwa agizo la mama. Nikaitazama sufuria.

Wakabadilisha namba kwenye faili lenyewe, wakajaribu kwa picha yangu ya mahafali ya mwanao, ile niliyojaa ukuta mzima. Nikapita bila kukwama.

Sasa hili usimwambie mtu. Asubuhi ile, kabla ya kukaa pale, nilipitia kwa bosi nikamwambia Mpole anamhujumu mwanangu. Bosi akaapa jioni ile ile atamfukuza. Baada ya picha kupita, nilirudi kwake nikikimbia, goti na yote, nikayafuta maneno yangu, nikadhani yamekwisha. Juzi Mpole amekuja kusema nia yake. Mwanao alipokwenda kuchukua vikombe, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bosi alimsimulia yote siku ile, na kwamba mwanangu hajui, wala hatajua kutoka kwake. Nikamuuliza basi alikuwa akifunga nini kwenye kompyuta. Akainama, akasema ni ujumbe aliokuwa akimwandikia mwanangu, kisha anaufuta.

Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Miezi yote hiyo ananipokea sufuria, ananishukuru, na anajua. Mtu anayefunga mdomo kiasi hicho ama ni dhahabu, ama ana siku yake anaingoja. Njoo umtazame na wewe, uniambie, maana mwanao kila nikifumbua kinywa ananicheka.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha. Watu wa Mpole watafika saa nne, kwa hiyo usinijie na visingizio vya mgongo wa mtu.

Ni mimi dada yako, mama wa fundi, ninayewangoja nyote Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.