Ila Yule Alikuwa Mzuri!

Shoga, acha unachofanya usome hii! Dada yangu msusi leo nusura azimie saluni.

Alikuwa anamwosha nywele bibi mmoja mgeni, ulimi ukamteleza: "Bibi, unafanana na yule nyota wa sinema za zamani. Ila yule alikuwa mzuri!"

ILA YULE ALIKUWA MZURI!! Kumbe ndiye mwenyewe, shoga!

"Ndiye mimi," bibi akasema. Dada akatamani ardhi immeze.

Bibi akacheka mpaka povu likamwingia machoni. "Usiogope, mjukuu wangu. Alikuwa mzuri kweli, lakini hakuwahi kula akashiba, wala kucheka kabla ya kuangalia kamera iko wapi. Uzuri ulikuwa kazi, nami nimestaafu. Sasa sugua hapo kisogoni, panawasha!"

Nyota mzima, shoga, kafumba macho anaguna kwa raha 😂