Karatasi Ambayo Sikumsomea Mama

Alhamisi, Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi ndani ya droo ya meza yangu. Nimepiga chapa barua moja mara tatu, na mara zote tatu nimekosea.

Kesho mama anapasuliwa.

Jumatatu, pale hospitali, walimnywesha dawa nyeupe nzito kama uji, wakampiga picha ya tumbo. Jana daktari Mwingereza akatuita. Kiingereza mama hajui, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alisema ni saratani ya mfuko wa chakula, bado changa. Wakiukata sasa, karibu nusu yake, anaweza kupona. Akingoja, hakuna dawa. Akaongeza kwamba wapo wasioamka baada ya kupasuliwa.

Nikamgeuzia mama kwa Kigogo: "Una kidonda tumboni. Watakiondoa."

Akanitazama. "Mzungu kasema gunia zima, wewe unanipimia kibaba?"

"Kiingereza kina maneno mengi, mama."

Akacheka kidogo, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi ya kukubali. Aliyemshikia karatasi ni mimi.

Sikumsomea.

Hapa bomani kazi yangu ndiyo hiyo, kuwasomea watu karatasi za serikali. Asiyejua kusoma haweki dole kabla sijamsomea karatasi yote. Mwaka jana nilimkimbilia mzee mmoja hadi barabarani, nikamrudisha, kwa sababu nilikuwa nimeruka mstari mmoja. Mzee nisiyemjua hata jina la kijiji chake. Na mama yangu?

Niliogopa atakataa. Atarudi nyumbani na tumbo lake, nami nitakuja kumzika.

Leo nimeshindwa kuvumilia. Saa kumi nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja wodini, nikamwambia yote: saratani, nusu ya mfuko, wasioamka. Nikamwambia pia kwamba karatasi inaweza kuchanwa. Nilisimama miguuni pa kitanda kama mshtakiwa.

Alikunja pindo la shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Watanibakizia nusu?"

"Nusu, mama."

"Miaka ya njaa nilikuwa na tumbo zima na sina cha kutia. Nusu itanitosha." Kisha akanikazia macho. "Ungekuwa mdogo, mwanangu, ningekuchapa. Haya, lete hiyo karatasi. Isome yote."

Nikasoma, nikimgeuzia mstari kwa mstari. Nilipomaliza akaomba wino. Muuguzi akasema dole la jana linatosha.

"La jana lilikuwa la huyu mtoto," mama akamjibu. "Hili ndilo langu."

Watamchukua saa mbili asubuhi. Ruhusa ya kazi nimepata. Nimeandika mpaka hapa ili mikono iwe na kitu cha kushika. Kesho, mlango wa chumba cha upasuaji ukishafungwa, nitaishikisha nini?