Neno Lililomtoa Mama Chumbani

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi ni wazima. Shemeji yako amerudi salama na lori lake, ila mgongo unamsumbua. Salamu hizi naziandika kwa sauti kwa kuwa Mama amekaa hapa pembeni anazisikiliza. Zikiisha atakwenda kulala, nami nitaandika ninayotaka.

Haya, amelala.

Nimeupata ujumbe wako wa kunifundisha Kiingereza, pamoja na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Unasema ulipoandika "Empty front room for my friend", neno la kwanza lilikuwa kivumishi: kile chumba kitupu cha mbele apewe rafiki yako. Sisi tukalisoma kama kitenzi, tena amri: toeni vitu vyote chumba cha mbele. Ukaongeza kwamba hata darasani nilikuwa nasinzia.

Nilimwendea mwalimu wa jirani, maana sikutaka kukutukana bila uhakika. Akaniambia herufi ni zilezile, na neno huwa hiki au kile kutegemea mwandishi ana nini kichwani. Sasa ya kichwani mwako tungeyajuaje? Kiswahili kingekubana. Ungeandika "chumba kitupu" au ungeandika "toeni vitu", na shemeji yako asingebeba cherehani ya chuma kupita ukumbini. Lakini siku hizi Kiswahili unakikumbuka ukishikwa na homa tu.

Halafu kitupu tangu lini? Ulipoondoka, sawa, tulikuwa tumekifunga baada ya msiba wa Baba. Macho ya Mama yalipoanza kufifia tukamhamishia humo na cherehani yake, kwa ajili ya lile dirisha kubwa. Nilikuandikia. Ulinijibu kwa kikatuni cha kidole gumba.

Siku ujumbe wako wa chumba ulipofika, mimi nilisita. Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu ameagiza, nitoeni." Akaanza kukunja shuka zake mwenyewe.

Huku nyuma mwanga unaingilia kidirisha cha juu, kama cha choo. Anapapasa tundu la sindano, anakosa, anajichoma. Juzi alimrudishia mteja kitambaa chake na kumwambia atafute fundi mwingine. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mteja. Tangu hapo anashinda kitandani, uso ukutani, na chakula anakionja tu. Inaniuma, na nimekukasirikia hadi mwandiko umeharibika, kama unavyoona.

Nilipokueleza haya, ulijibu kwamba yameshatokea, Mama avumilie, rafiki yako ni mhandisi, mtu mzito, haifai kumsumbua. Huyo mtu wako mzito alikuwa anaamka saa sita mchana, mapazia yameshushwa. Dirisha lote lile, na yeye analificha.

Basi leo asubuhi nimelifanya lile neno kuwa kitenzi. Nilimgongea mlango nikamwambia, "Kaka, samahani, kuna kosa la sarufi." Nilipomweleza kosa lenyewe aliona haya. Kumbe hakujua kuna mtu aliyetolewa kwa ajili yake. Amefunga mabegi na kuhamia kwa mwalimu. Ana adabu kukushinda.

Cherehani iko dirishani tena, shemeji yako ameirudisha kwa mgongo uleule. Mama ndiye hataki kurudi. Nimembembeleza, shangazi amemfokea, wapi. Anasema mwanawe ndiye aliyeagiza atoke, na hatoki humu mpaka mwanawe aagize tena. Ndiyo sababu nakuandikia, vinginevyo ningekununia hadi mwaka uishe. Andika, "Mama, rudi chumbani kwako." Kwa Kiswahili, maneno hayo tu, nami nitamsomea. Usimweleze vivumishi.

Shangazi anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Shemeji yako anakusalimu akiwa amelala chali sakafuni. Mwalimu naye anakusalimu. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba hata "mother" kwa Kiingereza ni maneno mawili: ni nomino, na ni kitenzi pia, maana yake kulea, kuuguza, kumwangalia mtu mpaka asimame. Mama amekufanyia hicho kitenzi tangu ukiwa mchanga. Wewe umebaki na nomino tu, nayo unaitumia kwenye salamu.

Mungu akulinde na baridi. Hilo namwomba kweli, hata leo.

Wako akupendaye, ingawa kwa sasa kwa kujilazimisha,

Dada yako.