Viatu vya Ibada Mbili

Dada Kawira,

Tulikuzika Alhamisi, kando ya shamba lako la maharagwe. Mvua ilitungoja tukamaliza ndipo ikanyesha. Watu walikula wakashiba, na Makena wako alisoma wasifu bila kulia mpaka alipofika kwa jina langu. Leo ni Jumapili, na kuna jambo nililoliona mochari ambalo nataka kukuambia wewe kabla ya mtu mwingine.

Unavikumbuka vile viatu. Vyeusi, vya ngozi, vya kifungo, vya dukani Meru mjini, si mtumba. Msimu mzima tulipalilia vitunguu vya watu hapa Ruiri, tukanywa chai bila sukari, nywele tukasukana wenyewe kibarazani, na bado pesa zikatosha jozi moja tu. Pale dukani, muuzaji alibonyeza kidole mbele ya mguu wako, akataka kukuletea namba ndogo. Ukamwambia, "Wacha tu, hii imenifit." Mimi nilikuwa nimeshajaribu hiyo hiyo ikanikaa barabara. Nikafurahi kwamba tuna mguu mmoja.

Basi vikawa viatu vya ibada mbili. Mimi ya kwanza, kwa sababu ya kwaya. Wewe ya pili, ukishakamua ng'ombe. Tulibadilishana nyuma ya ua wa michongoma wa kanisa, nami nikarudi nyumbani na ndara zako zenye vumbi. Kila Jumapili ulinigeuzia mgongo ukivaa. Nilidhani unaona haya kwa sababu soksi zimetoboka. Halafu ulitembea polepole, polepole kama bibi harusi, nami nikakutania kwamba viatu vimekupa maringo. Ulicheka pia, Kawira. Ulicheka na mimi.

Nilipopata kazi ya ofisi Embu nilijinunulia vyangu, vile nikakuachia. Mara ngapi nilitaka kukuletea vipya? "Hivi bado viko na maisha," ulisema. "Hiyo pesa peleka shule ya Makena." Nikapeleka, nikakuamini, kwa sababu kukuamini kulikuwa rahisi.

Jumatano Makena alivileta mochari kwenye mfuko, tukuvishe. Nikatia mkono ndani nivipanguse. Nikatoa gazeti lililofinyangwa, gumu, lenye alama za vidole vyako. Kwenye kiatu cha pili, lingine. Nilipomuuliza Makena, alishangaa kwamba sijui. "Anti, mum huvaa thelathini na saba. Hizi ni thelathini na tisa."

Miaka yote hiyo ulitembea na gazeti ili mimi nisibanwe. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, na katikati ya kulia nikasema asante kwa sauti, nikarudia, mpaka mhudumu akanijibu karibu, akidhani namshukuru yeye.

Kisha nikapanda matatu kwenda mjini nikakununulia thelathini na saba. Ngozi, vyeusi, vya kifungo. Nilikuvisha kwa mikono yangu. Vilikukaa bila kitu chochote ndani.

Makena anaingia chuo mwaka huu. Nakuahidi nitamnunulia viatu mimi mwenyewe, na nitambonyeza vidole hata akinuna. Akisema haraka haraka kwamba vimemtosha, sitamwamini. Amefanana nawe sana huyu mtoto.

Vile vya zamani nilivivaa leo asubuhi, ibada ya kwanza. Watu walinipa pole, nikaimba, nikaketi, sikumbuki mahubiri. Baada ya baraka nilitoka na wengine, nikazunguka mpaka kwenye michongoma, nikainama, nikafungua kifungo. Kiatu kilikuwa tayari mkononi, nimekunyooshea mkono, ndipo nikakumbuka.

Nenda salama, dada. Sasa unaweza kutembea haraka.

Mdogo wako,
Kinya