Wageni Waliimba Kwanza

Sheila, uko? Nimetoka kanisani saa hii na bado nina hasira.

Unajua ule wimbo wa kitabu cha nyimbo za kanisa ambao kwaya yetu ya Birongo tuliupanga upya, tunaanza polepole halafu besi wanaingia peke yao?

Wale wageni kutoka Kisii mjini wameuimba leo! Vilevile! Mpaka hiyo besi!

Waliutoa wapi? Kwa rekodi ya mazoezi niliyowatumia mimi, nikijigamba.

Na ni mimi tena nilisema wageni waimbe kwanza, ati ndiyo heshima.

Tuliposimama sisi, watu wakanong'ona kwamba tunaiga. Kuiga, Sheila! Wimbo wetu!

Sasa mama yangu mwenyewe ananipigia: "Mmejaribu. Lakini ombeni wale wageni wawafundishe."